Fundi wa Majina ya Rezo

Kila kompyuta iliyo katika mtandao hubeba anwani ya tarakimu, lakini binadamu hukumbuka majina kwa wepesi kuliko tarakimu, na kwa sababu hiyo Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 mfumo wa DNS, ambao ni daftari la majina lililogawanywa kati ya seva nyingi: huulizwa jina, nalo hujibu anwani. Mwaka 1997 uliwekwa utaratibu wa usajili unaojiendesha, ambapo kompyuta hujiandikisha yenyewe kila inapopewa anwani mpya, bila kumngoja msimamizi. Usajili huo unapofanikiwa hakuna anayeuona; unapokwama, huitwa fundi ambaye kazi yake haijasifiwa ipasavyo.

Katika ofisi za Baraka huko Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, na za Fizi juu milimani, ambako umeme hutoka kwenye sola na jenereta, kompyuta huzimika na kuwaka mara nyingi, na rezo, kama watu wa Kivu wanavyouita mtandao kwa neno la Kifaransa, hukatika na kurudi. Kompyuta inaweza kurudi na anwani mpya huku daftari likishikilia ya zamani, hata printa ikapatikana kwa tarakimu na isipatikane kwa jina. Wenyeji wa eneo hili, lililopokea wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda tangu mwaka 2015, hawahitaji kufundishwa kwamba kuwapo ni jambo moja na kuandikwa ni jambo jingine.

Umahiri wa fundi huonekana kwanza katika kutofautisha kimya na katazo. Kimya humaanisha kwamba ombi la usajili halikumfikia mwenye daftari, na mara nyingi chanzo ni mtu aliyetaka intaneti yenye kasi, akaielekeza kompyuta kwenye seva ya umma kama 8.8.8.8 ya Google, ambayo huyajua majina ya dunia nzima lakini hailijui daftari la ndani la kampuni. Katazo ni gumu zaidi, kwa kuwa ombi limefika na limekataliwa. Pale usajili unapolindwa, kompyuta hutakiwa kuthibitisha utambulisho wake kwa Kerberos, mfumo wa hati za siri ambao kwa kawaida hauvumilii saa za kompyuta mbili kutofautiana kwa zaidi ya dakika 5.

Hapo ndipo jiografia ya Kongo inapoingia. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia, Kivu saa mbili. Kompyuta iliyotayarishwa Kinshasa ikifika Baraka huonekana imechelewa, na mtu mwenye nia njema akisogeza mishale yake badala ya kubadilisha kanda ya saa, kioo kitaafikiana na saa ya ukutani, ilhali hesabu ya ndani ya saa ya dunia, ambayo Kerberos huitazama, imetangulia kwa saa nzima. Huduma ya kusawazisha saa ikiwa imezimwa, kosa hilo hudumu. Kulitambua kosa lililovaa sura ya usahihi ni ufundi wa hali ya juu, unaostahili heshima ileile anayopewa daktari mwenye sikio pevu.

Upo pia mgogoro wa urithi: kompyuta mpya hupewa jina la ile iliyokufa, lakini maandishi ya zamani bado ni mali ya akaunti ya marehemu, au ya seva ya DHCP, mgawaji wa anwani, iliyoyaandika kwa niaba yake. Mwanagenzi hufuta daftari zima. Fundi hutazama kwanza ni nani mmiliki, kisha hurekebisha mstari mmoja tu. Vilevile hachukulii kuwa hitilafu jina lililofutwa na usafi wa kawaida wa daftari, ambao katika Windows hungoja siku 7 na kisha 7 nyingine, endapo kompyuta ilikuwa vijijini mwezi mzima.

Baada ya marekebisho huandika amri ya ipconfig /registerdns, nayo Windows hujibu kwamba makosa, yakiwapo, yataripotiwa baada ya dakika 15. Fundi huzingoja zote, jenereta ikiendelea kula mafuta, kisha huenda kwenye kompyuta nyingine na kuliuliza jina kutoka huko.