Sayuni Isiyo Mbinguni: Usomaji wa Ishara na Lugha ya Kidini ya Warastafari kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika miji ya Afrika Mashariki neno rasta lina maana mbili zilizozoeleka. Humtaja mtu aliyeacha nywele zake zijisokote, na katika saluni hutaja msuko wa nywele bandia. Maana zote mbili zimebaki juu ya kichwa. Neno lenyewe lilianza kama cheo na jina: Ras Tafari Makonnen, aliyetawazwa Addis Ababa tarehe 2 Novemba 1930 kuwa Haile Selassie wa Kwanza. Ras katika Kiamhari ni kichwa, yaani mkuu, na lina nasaba na neno letu rasi tulilolipata kwa Waarabu. Makala haya yanadai kwamba uhakiki wa Kiswahili unaweza kuzifanyia ishara za Warastafari yale yale ambayo saluni imelifanyia jina lao: kulipokea neno na kuliacha dai lake. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa maneno ambayo tunadhani tunayajua.

2.0 Ishara za Biblia na mahali pake

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili aelewe Sayuni na Babeli. Amekutana nayo katika Zaburi, katika Ufunuo na katika tenzi za kanisani. Katika tenzi hizo, Sayuni aghalabu ni makao ya mbinguni baada ya kifo. Kwa Mrastafari, Sayuni ni Ethiopia, na kwa upana wake Afrika nzima. Ni nchi yenye udongo, inayofikiwa na mtu aliye hai. Babeli nayo ni utaratibu unaomzunguka sasa: dola ya kikoloni na warithi wake, polisi, mahakama na soko. Leonard Howell alipofungwa nchini Jamaika mwaka 1934 kwa kosa la uchochezi, mahakama ilikuwa imetambua uzito wa jambo hili. Kuhubiri kwamba mfalme wa haki yuko Addis Ababa ni kusema kwamba aliye London hana haki.

Tafsiri ya Biblia huongeza umbali huo. Zaburi 68:31 katika Biblia ya Kiingereza ya King James hutaja Ethiopia ikimnyoshea Mungu mikono, na aya hiyo ni nguzo ya imani ya Warastafari. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version hutumia Kushi. Mtafsiri alibaki karibu na Kiebrania, na hana lawama. Lakini msomaji wetu hawezi kuona jinsi wakulima na vibarua wa Jamaika walivyoiunganisha aya hiyo na habari za kutawazwa kwa mfalme mweusi aliyeitwa Simba wa Yuda. Mnyororo wa ishara umekatika katika kiungo kimoja. Mhakiki asipokionyesha, imani hii itaonekana kuwa ndoto isiyo na msingi wa kimatini.

3.0 Sarufi kama imani

Katika Krioli ya Jamaika, mi hutumika kwa mtenda na kwa mtendwa. Warastafari walisikia humo sauti ya mtumwa, mtu anayetendwa daima. Wakalichukua I la Kiingereza na kulitumia katika nafasi zote mbili. Kwa tamko I and I, msemaji humtaja Mungu aliye ndani yake na ndani ya mwenzake kwa pamoja, na herufi hiyo ndiyo namba ya Kirumi inayofuata jina la Selassie.

Kiswahili kinaleta ugumu wake. Mimi ya Kiswahili haina doa la utumwa, hivyo hakuna kiwakilishi cha kukikataa. Kutafsiri kwa sisi kunaleta ufasaha na kupoteza imani, kwa sababu sisi huhesabu watu, ilhali I and I hukataa kuwahesabu. Makala haya yanapendekeza Mimi na Mimi ichukue kiambishi cha umoja: Mimi na Mimi ninaomba. Upatanisho wa kisarufi utavunjika, na msomaji atajikwaa. Msikilizaji wa Kiingereza naye hujikwaa hapo hapo, na kujikwaa huko ni sehemu ya maana.

Si kila mahali tunapoteza. Warastafari hukataa neno oppression kwa kuwa silabi yake ya kwanza inasikika kama up, yaani juu. Huunda downpression, lenye kushuka chini. Kiswahili hakihitaji ubunifu huo. Anayekandamizwa tayari anasukumwa chini.

4.0 Hoja ya upinzani

Yaweza kuulizwa: ikiwa ishara zote husafiri na kubadilika, kwa nini tuilaumu saluni? Warastafari wenyewe walilibadilisha jina Nyabinghi. Hilo lilikuwa jina la roho iliyoheshimiwa Kigezi na kaskazini mwa Rwanda, na msemaji wa Kiswahili anaweza kusikia ndani yake vingi: mwenye vingi. Muhumuza, mwanamke aliyesema kwa jina la roho hiyo, aliongoza upinzani dhidi ya wakoloni hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911. Jina lilifika Jamaika katika miaka ya 1930 kupitia magazeti, likapewa maana ya kifo kwa wakandamizaji. Leo hutaja pia mikusanyiko ya ngoma na ibada. Etimolojia ilipotea, lakini upinzani ulibaki. Hapo ndipo penye tofauti: mabadiliko yale yalihifadhi kilichopiganiwa, na ya saluni yamekiacha nje.

5.0 Hitimisho

Kumsoma Mrastafari kwa Kiswahili kunadai mhakiki aulize, kwa kila ishara, iko wapi na inamkana nani. Sayuni na Babeli zibaki katika tafsiri, zikiambatana na maelezo ya mahali pake. Kushi iunganishwe na Ethiopia. Na Mimi na Mimi isilainishwe. Baadhi ya maneno haya yana jamaa zao katika lugha yetu. Itakuwa ajabu yakirudi huku yakapokewa kama mapambo ya wageni.