Kidole Kinachosikia

Hakuna mashine inayotoboa matundu matano yakanyooka sawasawa. Kila kufuli la kawaida la shaba limebeba kasoro hiyo, na ndiyo inayompa nafasi mtu anayejifunza kulifungua bila ufunguo. Naupenda ufundi huu kwa sababu hauna mabavu. Unamsoma aliyetengeneza, hadi pale mkono wake ulipopinda kidogo kuliko unene wa unywele.

Ndani ya kufuli mna silinda, na juu yake safu ya pini zinazosukumwa chini na springi. Kila pini ni vipande viwili. Ufunguo wake huinua kila pini kwa kimo chake, maungio yote yakafika kwenye ukingo wa silinda, nayo ikazunguka. Umbo hili tunalolijua ni kazi ya Mmarekani Linus Yale Mdogo, miaka ya 1860, ingawa wazo lenyewe lilikuwamo tangu zamani katika makomeo ya mbao ya Misri, yenye vigingi vilivyoanguka kwa uzito wake.

Sasa chukua chuma chembamba kilichopindwa ncha, uisukume silinda kwa upole, kama anayepima mapigo ya moyo. Kwa kuwa matundu hayakunyooka, mzigo wote huangukia pini moja kwanza. Itafute kwa chuma cha pili: hii inacheza, hii inacheza, hii imekaza. Iliyokaza iinue taratibu. Utasikia tik, silinda itasogea kidogo mno, na pini nyingine itakaza kwa zamu yake. Wengi wanaoanza hukandamiza, na pini zote zikakaza pamoja. Mkono mzito hausikii kitu.

Fundi wa makufuli Joseph Bramah aliweka kufuli kwenye dirisha la duka lake London, akaahidi gini 200 kwa atakayelifungua. Lilikaa pale miongo mingi, hata Bramah mwenyewe akafariki. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilishinda kwa saa zipatazo 51, zilizogawanyika katika siku 16. Lilikuwa na vibao vya kuteleza badala ya pini, lakini njia ilikuwa ileile: weka mzigo usiobadilika, kisha tafuta kilichokaza. Subira ile inastahili heshima kuliko zile gini.

Wapenzi wa ufundi huu wana miiko miwili, nami naishika: usiguse kufuli lisilo lako, wala lile unalolitegemea mlangoni, kwani linaweza kuharibika.

Ukishazoea, utakutana na pini zenye kiuno. Silinda inageuka kidogo, unadhani umefika, kumbe pini imenasa kiunoni. Hapo ukiisukuma pini hiyo juu tena, silinda inataka kurudi nyuma. Anayeanza hukaza mkono. Aliyekomaa hulegeza, akairuhusu irudi, hata kama pini mbili alizokwisha kuzipanga zitaanguka, kisha akazianza upya.