Malaika Haoti Ndevu

Msimulizi wa Angel Unaware ni mtoto aliyekufa siku mbili kabla ya kutimiza miaka miwili. Robin Elizabeth alikuwa binti wa Dale Evans na Roy Rogers, mke na mume waliovuma Marekani kwa filamu na nyimbo za kauboi. Alizaliwa Agosti 1950 akiwa na sindromu ya Down na moyo wenye kasoro. Agosti 1952 alishikwa na matumbwitumbwi, ugonjwa ukapanda ubongoni, akafa. Mwaka uliofuata mama yake alichapisha kitabu chembamba ambamo Robin, akiwa ameshafika mbinguni, anampa Mungu ripoti ya kazi aliyotumwa duniani. Kazi yenyewe ilikuwa kuwabadilisha wazazi wake. Anaeleza walivyoshtuka, walivyolia, walivyoomba, na mwishowe walivyopata amani.

Nilikinunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba hapa Nairobi, jalada limechujuka, nikaanza kukisoma ndani ya matatu na kukimaliza kabla ya chakula cha jioni. Mniwie radhi kama sitakuwa mhakiki baridi. Mdogo wangu ana miaka 33, ana sindromu ya Down, na kanisani kwetu tangu utotoni anaitwa malaika. Kitabu chenye neno hilo kwenye jalada siwezi kukisoma kama mtu baki.

Wacha nianze na haki ya Dale Evans, maana ni rahisi sana kumcheka. Robin alipozaliwa, ushauri wa kawaida wa madaktari Marekani ulikuwa kwamba mtoto kama huyu apelekwe kwenye taasisi, aachwe huko, na mama ajitahidi kusahau. Familia nyingi zilitii. Evans na Rogers waliambiwa hivyo hivyo, wakakataa, wakampeleka mtoto nyumbani. Halafu, wakiwa watu wanaotazamwa na nchi nzima, hawakumficha hata baada ya kifo. Mama aliandika, akaweka jina la mtoto wazi, na mapato ya kitabu akayatoa kwa chama cha kitaifa cha kutetea watoto wenye ulemavu wa akili. Mwenyewe alisimulia baadaye jinsi wazazi walivyoanza kuwaleta watoto wao kwenye maonyesho yao ya farasi, watoto ambao kabla ya hapo wangeachwa nyumbani. Kitabu kinachowatoa watoto ndani ya nyumba hadi uwanjani kimefanya kazi ambayo riwaya nyingi nzuri kuliko hicho hazijaifanya.

Tena kumbuka wakati wenyewe. Kuwapo kwa kromosomu ya ziada, ile ya 21, kulitangazwa na Jérôme Lejeune na wenzake huko Paris mwaka wa 1959. Mwaka wa 1953 mama aliyeuliza "kwa nini mimi" hakuwa na maabara ya kumjibu. Alikuwa na majibu mawili ya kuchagua: laana au zawadi. Evans alichagua zawadi. Na mimi ningechagua hilo.

Sisi tunayo sayansi hiyo tangu zamani na bado tunazunguka palepale. Mama yangu alipojifungua, mchungaji mmoja aliuliza kwa sauti ya upole kabisa kama kuna jambo halijatubiwa upande wa ukoo wa baba. Jirani akasema ni mtihani. Shangazi, ambaye hana maneno mengi, akasema hujafa hujaumbika, akaingia jikoni kupika uji. Rafiki yangu wa Mombasa mwenye binti wa hali hii ananiambia kwao watu husema kalamu imeinuliwa, yaani mtoto huyo haandikiwi dhambi. Naipenda kauli hiyo kwa huruma yake. Lakini mimi ni mtu wa vitabu, na kila nikiisikia naona upande wake wa pili. Kalamu iliyoinuliwa haiandiki dhambi, sawa, lakini haiandiki kitu kingine chochote pia.

Sasa, tatizo langu na Angel Unaware. Jina la kitabu limetoka katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, pale waumini wanapohimizwa wasisahau kuwakaribisha wageni, kwani kuna waliowakaribisha malaika bila kujua. Ukiusoma mstari ule polepole, mzigo wote uko kwa mwenyeji. Anayeambiwa afanye kitu ni mwenye nyumba: afungue mlango, alishe, atandike kitanda. Kwamba mgeni ni malaika ni jambo la pembeni, na nguvu yake iko katika kutojulikana. Evans anaugeuza. Kwake mgeni ndiye mwenye kazi, na mwenyeji ndiye anayefaidi. Mtoto amekuja kufundisha, ameshafundisha, ameondoka.

Na mgeni huondoka. Ndiyo maana hesabu ya kitabu inakubali. Waswahili wana neno lao hapa: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Robin alikuwa mgeni wa miaka miwili. Siku ya tatu haikufika, na kwa hivyo hakuna mtu kitabuni anayelazimika kujiuliza habari za jembe: huyu mtu atafanya kazi gani, atalala wapi, atampenda nani, na nani atamkatalia. Simsemi Evans kwa hilo, mtoto wake alikufa, aandike nini tena? Wa kusemwa ni sisi wasomaji, ambao kwa zaidi ya miaka 70 tumeuchukua msiba wa mama mmoja tukaufanya kielelezo cha kuwaandikia hata walio hai. Mdogo wangu anavaa viatu namba tisa. Jumamosi ananyoa ndevu mwenyewe, na usijaribu kumsaidia. Aliwahi kumjibu mama mmoja wa ushirika aliyemwita malaika, "Malaika anavaa gauni, mimi niko na suruali." Watu walicheka. Mimi nimeisikia hoja hiyo ya kihakiki ikisemwa kwa kurasa nyingi na watu wenye shahada, wala hawakuifikisha mbali kuliko yeye.

Usifikiri ni tatizo la Wamarekani wa kanisani peke yao. Waliosoma Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne wanaikumbuka nyumba ya Mwalimu Majisifu na Dora, yenye watoto wenye ulemavu. Ni nyumba iliyochorwa kwa ukweli unaouma. Aibu ya baba iko pale, pombe yake iko pale, na uchovu wa mama, ambaye anaona amebebeshwa asichostahili, uko pale. Imani, msichana aliyeajiriwa nyumbani humo, anawatunza watoto kuliko wazazi. Walibora anajua vizuri mzazi anavyoweza kumgeuza mtoto kuwa fedheha yake binafsi. Lakini jaribu kumwambia mtu unachokumbuka kuhusu watoto wenyewe. Wanapenda nini? Wanagombana juu ya nini? Tunawajua kwa machozi ya Dora. Huko Evans mtoto ni ujumbe wa heri, huku kwa Majisifu ni ujumbe wa shari, na katika nyumba zote mbili barua inasomwa bila mtu kumtazama aliyeileta.

Kuna maandishi mengine ambayo wazazi wengi wa Kenya wamekutana nayo, hata kama hawajui mwandishi. Mimi nimetumiwa mara tatu kwenye WhatsApp, mara ya tatu yakiwa na picha ya maua. Ni insha fupi ya Emily Perl Kingsley, Welcome to Holland, ya mwaka wa 1987. Kingsley alikuwa mwandishi wa kipindi cha watoto cha Sesame Street, na mwanawe Jason alizaliwa mwaka wa 1974 akiwa na sindromu ya Down. Insha inasema kumlea mtoto kama huyu ni kama kupanga safari ya Italia, kisha ndege ikatua Uholanzi. Utasikitika, halafu utaanza kuona kwamba Uholanzi nako kuna uzuri wake. Haina dini, ila imeenea kama sala, na nawaelewa wanaoituma. Mama aliyejifungua jana anahitaji kitu anachoweza kukisoma kwa dakika mbili akiwa na machozi.

Lakini ndani ya tamathali hiyo, msafiri ni mzazi. Mtoto ni nchi. Na nchi haina mdomo. Watu hushuka juu yake wakapiga picha.

Basi kilichotokea baadaye ndicho kinanifurahisha. Mwaka wa 1994 ile nchi iliandika kitabu. Jason Kingsley na rafiki yake Mitchell Levitz, wote wawili wenye sindromu ya Down, walitoa Count Us In, kitabu kilichotokana na mazungumzo yao yaliyorekodiwa, mama zao wakisaidia. Kama kazi ya sanaa kina mashimo. Kinarudiarudia, kuna kurasa ambapo wanazungumza kama vijana wanaojua kinasa sauti kimewashwa, na mtu anayependa lugha iliyopigwa pasi atakichoka. Mimi sikukichoka. Wanaongea habari za shule, za wasichana, za siasa na ubishi wake, za kuoa, za kuishi mbali na wazazi. Kuna mahali Jason anamzungumzia yule daktari aliyewaambia wazazi wake kwamba hatajifunza kitu na afadhali wampeleke taasisi. Anaorodhesha alichojifunza na alichofanya, kisha anataka daktari apelekewe nakala ya kitabu. Hasira ile ina adabu, na inachekesha, na ni yake. Robin wa mbinguni hana hasira na mtu yeyote. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba sauti katika Angel Unaware ni ya mama.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema imani ndiyo inayofunga midomo. Nimelelewa na imani ya mama yangu, na mdogo wangu amelelewa nayo; hospitalini waliposema mtoto hatamaliza mwaka, alikuwa hana kingine cha kushika. Na Biblia hiyo hiyo ina Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali la mchungaji wetu, neno kwa neno karibu. Yesu analikataa. Wahubiri wengi hukomea hapo, na ni hasara, maana sura ndiyo kwanza inaanza. Mtu anaponywa, wakubwa wanawaita wazazi wake kuwahoji, na wazazi, kwa kuogopa kufukuzwa katika sinagogi, wanajibu kwamba mwana wao ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Wamesema kwa woga, lakini wamesema. Na mwana akiulizwa anazungumza mpaka wanamtoa nje. Ni mmoja wa watu wanaoongea vizuri zaidi katika Injili nzima. Ana kejeli, ana mantiki, hatishiki.

Hicho ndicho sijakisoma kwa Kiswahili. Sijasoma riwaya ya mtu mwenye sindromu ya Down aliye na miaka 40, anayekaa na mama wa miaka 75, ambao kila mmoja anaogopa kumtangulia mwenzake na kila mmoja anaogopa kubaki. Hadithi hiyo haikuwezekana zamani. Marekani, mwaka wa 1983 mtu wa hali hii alitarajiwa kuishi miaka 25 hivi; leo ni karibu 60, kwa sababu moyo hupasuliwa mapema na watu hawafungiwi tena kwenye taasisi. Hapa kwetu, upasuaji huo unategemea umezaliwa wapi na familia inaweza kuchanga kiasi gani, lakini hapa pia wako wanaozeeka. Nawaona sokoni, nawaona kwenye kwaya, wamepiga safu na mvi zao. Bado fasihi yetu inawapa miaka miwili.

Mama yangu ana miaka 71. Mwezi uliopita nilimfasiria kurasa chache za Count Us In, zile za kuishi peke yako, nikienda sentensi kwa sentensi. Alisikiliza huku akichambua mchele. Sikumweleza mambo ya tamathali wala ya Waebrania. Nilipofika mahali wanaposema wanataka nyumba zao wenyewe, alisimamisha mkono, akauliza nani anawaamsha asubuhi, na nani anakaa nao wakiugua. Kisha akasema, "Na huyu wetu, wewe umewahi kumuuliza?" Nikamwambia sijawahi kumsikia mtu yeyote akimuuliza. Akamwita kwa sauti, aje aulizwe.

Alijibu kutoka sebuleni kwamba mpira uko dakika ya sabini, tungoje.