Kababu za Mbaazi: Kitoweo Kisicho na Nyama kwa Jiko la Mnyambe

Mbaazi ikichemshwa kwanza halafu ikapondwa, kababu yake haishiki. Inameguka kikaangoni, inanyonya mafuta, na mlaji anajua mara moja kwamba amepewa mboga iliyokaangwa. Mbaazi hiyo hiyo ikilowekwa tu na kutwangwa mbichi, inajishika yenyewe bila yai wala unga wa ngano. Nyumba ya Mnyambe, huku Newala mkoani Mtwara, inaweza kupata kitoweo cha kushiba kutokana na vitu vilivyomo ndani, na mafanikio yake yamo katika mpangilio huo wa kazi kuliko katika viungo.

Punje mbichi ina wanga ambao haujavimba na protini ambayo haijaganda. Ikishasagwa na kutiwa kwenye mafuta ya moto, wanga huvimba na protini huganda papo hapo, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni, na kababu inakuwa kitu kimoja. Ukichemsha kwanza, kazi hiyo inamalizikia chunguni. Kinachobaki ni ponde lisilo na cha kulifunga, na hapo ndipo watu huanza kuongeza unga mpaka ladha ya mbaazi inapotea. Wauza bajia za kunde wa pwani hawakosei hapa: kunde zao hulowekwa, huondolewa maganda na kusagwa zikiwa mbichi. Fundi wa kababu za mbaazi anafuata njia yao.

Mapishi mengi ya kuiga nyama yanayosifiwa kwa urahisi wa bei yametungwa kwa majiko ya mbali. La kwanza ni la ngano. Unakanda donge gumu la unga, unaliacha litulie, kisha unalikamua ndani ya maji na kubadilisha maji tena na tena hadi wanga utoke na libaki tonge linalovutika kama mpira. Hiyo ni protini tupu ya ngano, na Wachina wameila kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chakula kizuri. Lakini Newala ni uwanda wa mchanga unaomeza mvua. Maji yalifuatwa mabondeni kwa vizazi, na mradi wa maji wa Makonde, ulioanzishwa miaka ya 1950 na kuhudumia Newala, Tandahimba na Nanyamba, haujawaondolea kina mama desturi ya kuhesabu ndoo. Kumwaga maji ndoo kwa ndoo, tena yenye wanga mzuri ndani yake, ili kupata kitoweo cha unga ambao wenyewe umenunuliwa dukani, hakufai huku.

La pili ni soya ya pakiti, zile punje ngumu zinazolowekwa zikavimba. Hutengenezwa kwa unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ambao karibu nusu yake ni protini, ukisukumwa kwa joto na mgandamizo katika mashine mpaka upate nyuzi. Kampuni ya Archer Daniels Midland ya Marekani ndiyo iliyoitangaza sokoni tangu miaka ya 1960. Ni rahisi kupika, lakini haitengenezeki nyumbani. Karanga zinakaribia zaidi hali yetu: mwaka 1896 John Harvey Kellogg, daktari Msabato wa Battle Creek, alitoa mbadala wa nyama uliotokana na karanga, akauita Nuttose.

Turudi kwenye kinu. Mbaazi kavu hulowanishwa kidogo, hurudishwa juani, kisha hupaazwa kwa jiwe ili zipasuke na maganda yaachane na kiini, ungo unamaliza. Ganda likiachwa, kababu inakuwa na makapi mdomoni na uchungu kidogo. Nusu zile hulowekwa usiku mmoja. Maji yake humwagwa, kwa kuwa sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi imeyeyukia humo. Ni maji machache, na yanafaa kumwagiliwa mchicha. Kisha hutwangwa na kitunguu, tangawizi, pilipili na chumvi. Usitwange hadi ziwe laini kabisa. Chembechembe zilizobaki ndizo zinazompa mlaji kitu cha kutafuna. Maji yasiongezwe kinuni, maana ponde likilegea wanga hautoshi kulibana. Likilegea kwa bahati mbaya, kijiko cha unga wa makopa kinalirudisha. Kababu zifanywe bapa na moto uwe wa wastani, kwani mazao yote ya jamii ya kunde yakiwa mbichi yana vitu vinavyozuia usagaji wa chakula tumboni, navyo huharibiwa na joto. Kababu nene iliyobabuka nje na mbichi ndani ni hatari.

Kuhusu lishe, hesabu inaridhisha. Robo kilo ya mbaazi kavu ina protini gramu 50 hivi, karibu sawa na robo kilo ya nyama mbichi ya ng'ombe, ingawa mwili huichukua ya nyama kwa urahisi zaidi. Upungufu mkubwa wa mbaazi ni amino asidi zenye salfa, hasa methionini. Ufuta una methionini kwa wingi na umepungukiwa laisini, ambayo mbaazi inayo tele. Vijiko vitatu vinne vya ufuta uliokaangwa na kupondwa, ndani ya ponde, vinaunganisha faida hizi mbili.

Kwa ukanda huu salfa hiyo ni suala zito. Muhogo mchungu usiosindikwa vizuri huacha sianidi, na mwili huipunguza makali kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini. Muhogo huo ukiliwa mfululizo na kitoweo kikawa haba, huja konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Mkoa wa Mtwara uliupata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinga ya kwanza ni kuusindika muhogo ipasavyo. Kababu ya mbaazi na ufuta ni msaada wa kweli kando ya kinga hiyo.

Nyuzi zinazofanana na nyama Mnyambe inazo, na nyingi huozea chini ya mikorosho. Kaskazini-mashariki mwa Brazili, mabibo hukamuliwa, nyama yake ikachambuliwa na kukaangwa kwa kitunguu kama nyama ya kusaga. Ukakasi huondoka ukiyachemsha kwenye maji ya chumvi na kuyakamua tena. Changanya sehemu moja ya nyuzi hizo na tatu za ponde la mbaazi, kababu inapata mnofu. Juisi iliyokamuliwa mwanzo inywewe pamoja na chakula: mabibo yana vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, nayo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya mbaazi, ambayo peke yake huchukuliwa kwa shida.

Vitamini B12 haimo katika mmea wowote kati ya hii. Asiyefunga nyama kwa imani atie kijiko cha dagaa wakavu waliosagwa, wa kutoka pwani ya Mtwara. Vitamini itapatikana, na ladha itakolea vilevile. Uwanda huu haujawahi kuona haya kutafuta kitoweo mahali kilipo. Samaki nchanga, panya wale wa shambani, ni ushahidi wa kutosha.

Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka ukomo wa kiasi cha kuingiza, na bei huku kusini ikaanguka vibaya. Wengi walibaki na magunia wasiyojua pa kuyapeleka. Mbaazi huvunwa miezi michache tu kabla mabibo hayajaiva, na ufuta unakuwa umeshatangulia ndani. Kwa hiyo ndugu mkulima, kabla gari la chama cha msingi halijafika kuchukua mzigo wa stakabadhi ghalani, toa debe moja la mbaazi na kisado cha ufuta, anika vikauke kabisa, vifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa ili wadudu wasivitoboe, na uviache nyumbani kwa ajili ya watoto.