Waya Uliofungwa Ardhini: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Kiufundi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu uhakiki wa tafsiri za watu wengine. Safari hii mhakiki anaomba ruhusa ya kuhakiki tafsiri yake mwenyewe, ambayo ingaliweza kuliunguza gari lake.

Asili ya jambo ni ndogo. Mwandishi huyu anafanya kazi Mtumba, katika Mji wa Serikali, kilomita zipatazo 17 mashariki ya katikati ya jiji la Dodoma. Tangu mji huo ulipozinduliwa mwaka 2019, watumishi wengi wa umma wamekuwa wasafiri wa kila siku katika barabara ya Dar es Salaam, na mwenzi wa safari hiyo ni redio. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na redio nyingi zinazokuja nayo huishia masafa ya megahezi 90 hivi, hali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Basi nikaibadilisha redio. Na kwa kuwa tamaa haina kiasi, nikaongeza amplifaya na sabufa, vyombo ambavyo sikupata kuvimiliki kabla ya hapo.

Kazi nilimpelekea mzee mmoja karibu na Ihumwa, fundi umeme wa magari wa miaka mingi, hodari wa taa, stata na altaneta. Shughuli za muziki huwaachia vijana. Kwake nayo ilikuwa mara ya kwanza. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza, lugha asiyoisoma, akanitaka nimwandikie kwa Kiswahili. Nilifurahi mno. Ni nadra kwa afisa istilahi kupata msomaji anayeisubiri tafsiri akiwa na bisibisi mkononi.

Nikaandika kurasa nne. Sentensi ya kwanza iliyomkwamisha ilikuwa hii: "Unganisha kipaza sauti na kipaza sauti." Mzee akaisoma mara mbili, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hapa umenichezea."

Sikumchezea. Redio mpya ilikuja na kijiti kidogo cha kusemea simu, nacho nilikiita kipaza sauti. Chombo cha kukuza nguvu za mkondo nilikiita kipaza sauti. Na chombo kinachotoa sauti kwa msikilizaji nacho nilikiita kipaza sauti. Katika kila sentensi peke yake nilikuwa na hoja, kwa sababu maana zote tatu zimo katika matumizi ya watu. Bungeni, hapa hapa Dodoma, mbunge akiambiwa awashe kipaza sauti hunyosha mkono kwenye kile anachokisemea. Mwananchi akilalamika kwamba vipaza sauti vya mkutano vinamnyima usingizi, anayasema yale mabomba yaliyofungwa juu ya mlingoti. Kila mmoja hueleweka kwa sababu msikilizaji anakiona chombo. Msomaji wa maelekezo hakioni; au, kama mzee wangu, anaviona vyote vitatu juu ya meza kwa pamoja.

Tukiliuliza neno lenyewe, jibu lake linashangaza. Kupaza ni kuipandisha sauti iwe kubwa. Kijiti cha kusemea hakipandishi chochote: hugeuza sauti kuwa mkondo wa umeme, tena mdogo sana. Spika huugeuza mkondo kuwa sauti tena. Anayekuza ni yule wa katikati peke yake, naye ndiye ambaye watu hawamwiti kipaza sauti hata siku moja, humwita amplifaya. Haki ingekuwa kumrudishia jina lake, lakini lugha haiendeshwi kwa hati za mirathi. Maoni yangu ni kwamba kipaza sauti kibaki kwa kinachosemewa, maana huko ndiko matumizi yameelemea, na vile viwili viitwe amplifaya na spika. Wako watakaosema kwamba Spika tunaye Bungeni. Ngeli inatosha kuwatenganisha: Spika huyu ameketi, spika hii imepasuka.

Najua utaratibu tuliozoea wa kutafuta neno kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende ng'ambo. Ni utaratibu mzuri, na ndio uliotupatia bunge kutoka Kiha na ikulu kutoka Kinyamwezi. Lakini ndani ya gari breki, gia, klachi, betri na fyuzi zimo kwa muda mrefu, na Kiswahili hakikudhurika.

Neno sabufa lina tabu ya namna nyingine. Katika maduka mengi, ukiitaja sabufa unaoneshwa seti nzima ya muziki wa nyumbani pamoja na vispika vyake vidogo. Mimi nilihitaji spika moja tu ya sauti nzito, ile inayoachiwa mitetemo ya chini ya 80 hivi kwa sekunde. Mzee huiita "besi". Hapo fundi amekuwa sahihi zaidi kuliko soko.

Kosa la pili lilinitia haya. Kijitabu kilitaka waya mweusi wa amplifaya uunganishwe na kile ambacho Waingereza hukiita ardhi, nami nikaandika "ufungwe ardhini". Mzee akauliza achimbe wapi. Katika nyumba neno hilo ni la kweli, kwani waya huteremka hadi kwenye fimbo ya chuma au shaba iliyozikwa udongoni. Gari limesimama juu ya mipira; ardhi yake ni mwili wake wa chuma, ambao umeunganishwa na upande hasi wa betri na kuurudisha mkondo. Mafundi wana neno la siku nyingi, bodi, na kitenzi chake: kupiga bodi. Mara nilipolitamka mzee alikwangua rangi ndani ya buti mpaka chuma kikang'aa, akakaza waya kwa skrubu. Hakuhitaji sentensi nyingine.

"Waya wa mbali" nao haukuwa na umbali wowote. Ni ule mwembamba utokao kwenye redio kuiamsha amplifaya redio inapowashwa. Ukiungwa moja kwa moja na betri, amplifaya haitalala, na asubuhi gari halitawaka. Mzee aliuita waya wa kuwashia, nami nimeliandika hivyo.

Yote hayo yalisahihishwa papo hapo, kwa sababu yalikuwa makosa yenye kuchekesha. Lililokuwa la hatari halikumchekesha mtu. Maelekezo yaliagiza fyuzi iwekwe katika ncha ya waya wa chanya iliyo upande wa betri, si zaidi ya sentimita 45 kutoka hapo. Mimi, kwa kupenda ufupi, niliandika "fyuzi ikae mwishoni mwa waya". Sasa fundi huanza kutandaza waya kwenye betri, chini ya boneti, akaupitisha katika bati linalotenga injini na abiria, akaufukia chini ya zulia, akaishia kwenye buti. Mwisho wa waya kwake ni buti. Na fyuzi aliifunga huko huko, vizuri kabisa.

Muziki ulilia. Kwa siku tatu nilikwenda Mtumba na kurudi nikijisifu. Usiku wa tatu nilikifungua tena kijitabu nikitafuta jambo jingine, nikaiona sentensi ile. Amplifaya ya wati 500 katika gari la volti 12 huvuta zaidi ya ampea 40 inapofanya kazi kwa nguvu zote, na kwa hiyo waya wake ni mnene. Kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya. Kama makali ya lile bati yangaliukata mpira wake, betri ingalimwaga mamia ya ampea katika mita kadhaa za waya usio na mlinzi, chini ya miguu ya abiria, na fyuzi kule kwenye buti isingalijua lolote. Asubuhi gari halikwenda kazini mpaka mzee alipoihamisha. "Nilishangaa," aliniambia, "lakini karatasi ilisema mwisho."

Neno mwisho halimo katika orodha yoyote ya istilahi za umeme, wala hakuna kamati itakayoliitisha kikao. Nilikuwa nimetumia juma zima kupima majina ya vyombo, na tarakimu 45 nikaiacha nje kwa sababu iliharibu urari wa sentensi.

Nakala mpya, iliyoandikwa kwa mpangilio wa mkono wa fundi kutoka betri hadi buti, imebandikwa ukutani kwa mzee. Limebaki shauri moja. Kile kifundo ambacho Waingereza hukiita kwa neno lenye maana ya faida, vijana hukizungusha hadi mwisho wakidhani ni cha kuongeza sauti, na spika huungua. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na nguvu za redio inayoilisha, nami nilikiita kilinganishi. Mzee amelikata neno hilo kwa kalamu, na juu yake ameandika "geini".