Kiti cha Abiria wa Nyuma

Pikipiki ya kuchukua abiria, katika mji wa Kakamega na vijiji vinavyouzunguka, hununuliwa na mtu mmoja, aghalabu huendeshwa na mtu wa pili, na hukaliwa kutwa na watu wengine kabisa, ambao hawakuulizwa neno wakati wa kununuliwa kwake wala hawataulizwa neno kiti kitakapochakaa na kupelekwa kwa fundi. Na katika mpango huu ndipo ilipo asili ya maumivu ya kiuno na nyonga wanayoshuka nayo wasafiri wa masafa marefu, kwa sababu kiti hutengenezwa kumridhisha yule anayemlipa fundi, naye huyo, akipanda pikipiki, huketi mbele.

Safari ya dakika chache kutoka Lurambi hadi katikati ya mji haifichui kasoro ya kiti, kwani mwili wa binadamu una subira ya kutosha kustahimili hata ubao mtupu kwa muda huo. Hukumu hutolewa na masafa: njia ya Kisumu, yenye takriban kilomita 50, inayopita Ilesi, Khayega, Sigalagala, Chavakali, Mbale, Majengo na Kiboswa kabla ya kuteremka ziwani, njia ya Mumias, njia ya Malava na Webuye, na zile barabara za changarawe zinazoingia Shinyalu na kandokando ya msitu, ambazo mvua ya Kakamega, inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, huzichimba upya kila msimu. Katika njia hizo husafirishwa mgonjwa anayepelekwa hospitali kuu ya kaunti, mama mjamzito anayekwenda kliniki, mwalimu anayehamia shule ya mbali na mchuuzi aliyekumbatia matenga ya kuku, na haifai mtu yeyote kudhani kwamba faraja ya watu hawa ni anasa.

Ufundi wa kumketisha abiria nyuma ya mwendeshaji ni wa zamani kuliko pikipiki katika nchi hii ya magharibi. Tangu miaka ya 1960, mpakani Busia, waendesha baiskeli waliwavusha wasafiri na mizigo yao baina ya vituo viwili vya forodha, na kazi hiyo ilipoenea hadi Kakamega na Kisumu ilienea pamoja na uvumbuzi wake: mto uliofungwa juu ya keria, vyuma viwili vya kukanyagia kando ya ekseli, na mara nyingine kipande cha usukani kilichochomelewa chini ya tandiko la dereva ili abiria apate pa kushika. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zenye injini isiyofika sentimita 250 za ujazo, Bajaj na TVS kutoka India, pamoja na pikipiki za China, zilijaa katika steji zilizokuwa za baiskeli, nazo zilikuja na kiti kirefu cha kipande kimoja, kilichofinyangwa kiwandani kwa ajili ya watu wawili. Kwa hiyo mto wa baiskeli, ambao ulikuwa mali ya abiria peke yake na ulitengenezwa kwa kumkusudia yeye, ulitoweka, na mahali pake pakawa mkia wa kiti cha dereva.

Ili kuelewa taabu ya mkia huo yafaa kwanza kuitazama pikipiki kwa ubavu. Gurudumu la nyuma likipanda juu ya tuta kwa sentimita 6, sehemu ya fremu iliyo juu ya ekseli hutaka kupanda kwa kadiri hiyo hiyo, ukitoa kile kitakachomezwa na springi. Dereva, kwa kuwa ameketi baina ya magurudumu mawili, hupanda kwa nusu yake au zaidi kidogo. Bali abiria, ambaye ameketi karibu kabisa na mstari wa ekseli, huipokea karibu yote. Dereva huliona tuta linakuja, akakaza magoti, akajiinua kidogo juu ya vikanyagio; abiria haoni kitu isipokuwa mgongo wa mwenzake, na mtikiso humkuta amelegea. Ndiyo maana dereva husema kwa nia safi kabisa kwamba kiti chake hakina ubaya wowote. Yeye anasema kweli ya mahali alipoketi.

Kutoka hapa hudhihirika pia ubaya wa desturi iliyoshamiri ya kurefusha kiti kwa kuchomelea chuma nyuma ya fremu na kusogeza sponji hadi juu ya keria. Sheria ya Trafiki, Sura 403, huruhusu abiria mmoja tu, naye avae helmeti na koti la kung'aa. Lakini hata tukiiacha sheria kando, mtu aliyeketi nyuma ya ekseli hurushwa juu kuliko gurudumu lenyewe, na uzani wake huinyanyua pikipiki kwa mbele kiasi cha kulifanya gurudumu la mbele lishike ardhi kwa unyonge. Hakuna sponji duniani iwezayo kusahihisha kosa la mahali. Fundi anayeombwa kurefusha kiti kwa jina la starehe ameombwa kitu ambacho kiti hakiwezi kukitoa.

Sasa tuingie katika kibanda cha fundi wa viti, kwani ustadi wenyewe umo humo. Kiti huletwa kimefunguliwa nati zake, hupinduliwa, na pini zinazoshikilia leza hung'olewa moja moja kwa bisibisi nyembamba. Chini yake hutokea sponji ya kiwandani ambayo imekuwa na rangi ya chai, imepasuka katika kingo, na ikiminywa hutoa maji ya mvua ya juma lililopita. Fundi mwenye macho hakimbilii kuitupa. Huipapasa kwa kidole gumba, kwa sababu sponji iliyochoka huandika habari za waliokaa juu yake: katika sehemu ya abiria hupatikana mashimo mawili madogo, yaliyoachana kwa upana wa kiganja hivi, ambayo ni alama za ile mifupa miwili ya chini ya nyonga inayobeba sehemu kubwa ya uzani wa mtu aliyeketi. Mashimo hayo yakiwa katikati ya nafasi ya abiria, umbo la kiti ni sawa na tatizo ni uchakavu tu. Yakiwa yamesogea mbele, karibu na mgongo wa dereva, ni dalili kwamba kiti kinateremka, na kwamba kila breki humtelezesha abiria mbele, naye hushinda safari nzima akijisukuma arudi. Kuna viti ambavyo mashimo yake yamechongoka upande mmoja tu, na hivyo ni vya pikipiki ambayo abiria wake wengi ni akina mama wanaoketi kwa upande.

Akishasoma hayo, fundi hupiga mstari wa chaki na kukata. Sehemu ya abiria huisawazisha iwe tambarare kabisa, au iinuke kwa kiasi cha upana wa kidole kuelekea mbele, ili mteremko mrefu kama ule wa kushukia Kisumu usimmiminie dereva mtu mzima mgongoni. Hukata kwa jani la msumeno wa chuma lisilo na mpini, kwa mikato mirefu isiyorudiwarudiwa, halafu hulainisha kwa jiwe la kusagia. Gundi huipaka pande zote mbili, kisha husubiri. Anayegandisha kabla gundi haijaacha kushika kidole atarudishiwa kiti kile kabla ya mwezi kwisha, matabaka yameachana.

Katika uchaguzi wa matabaka hayo ndipo wateja wengi hupotea, na hapa nataka kukaa kidogo. Mwenye pikipiki hubonyeza sponji kwa mkono, akaiona laini, akasema hiyo ndiyo nzuri. Na mkono ni shahidi dhaifu, maana hauna uzani wa mtu wala hausafiri saa nzima. Uzito wa sponji huhesabiwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo: ile nyepesi ya mito ya sebuleni huwa chini ya kilo 20, ile ya magodoro mazuri hufika 30 au kupita, na ile iliyogandishwa kwa vipande vilivyosagwa huweza kuzidi 60. Abiria akiketi juu ya sponji nyepesi huzama mpaka mifupa yake iguse sahani ya kiti, kama mtu aliyelala juu ya kitanda cha kamba zilizolegea, na tangu hapo unene wote wa sponji hauna faida kwake.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya siri zaidi. Kanuni ya kimataifa ya mitikiso, ISO 2631, husema kwamba mwili ulioketi huumizwa zaidi na mtikiso wa juu na chini unaojirudia baina ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Na sponji nene iliyo laini, ikiwa na mtu juu yake, kwa tabia yake hucheza takriban mara 4 kwa sekunde, yaani huukuza mtikiso ule ule ambao mwili hauuwezi. Pikipiki inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupita mita 5 na nusu hivi kwa sekunde, na ikiwa barabara ya changarawe ina mikunjo inayoachana kwa mita moja, abiria atatikiswa mara 5 au 6 kila sekunde, ndani kabisa ya mipaka hiyo. Kwa hiyo kiti kilichosifiwa steji kwa ulaini wake ndicho kinachomtesa mtu njia ya Shinyalu.

Mafundi waliobobea, ambao hawakuhitaji kanuni hiyo ili kuijua kweli yake, huweka chini tabaka nene la sponji ngumu ya vipande, sentimita 5 au 6, na juu yake tabaka la sponji laini lisilozidi sentimita 2. Lile la chini hubeba. Lile la juu hutuliza ngozi. Mabibi na mababu wa pwani waliokuwa wakijaza magodoro yao sufi na usumba, kabla sponji iliyotokana na uvumbuzi wa Otto Bayer wa mwaka 1937 haijafika Afrika, walilijua jambo hili: usumba mgumu ulibeba, sufi ikafariji.

Upana una haki yake vilevile. Tukikadiria kwamba kilo 50 za mwili wa abiria hukaa juu ya kiti, na kwamba kiti chembamba humpa sentimita 250 za mraba za kukalia, kila sentimita itabeba gramu 200. Kiti kikipanuliwa hadi sentimita 400 za mraba, mzigo hushuka hadi gramu 125. Upana huo utafutwe nyuma, si mbele, kwani mapaja yakitanuliwa mno maumivu huhamia nyonga. Tena mshono wa leza usipite mahali mifupa inapokaa: huko huchoma, na matundu ya sindano huingiza maji. Wanaojali huushusha ubavuni, na chini ya leza hutandika karatasi ya nailoni. Leza yenyewe iwe ya kukwaruza kidogo. Ile inayong'aa huvutia macho, lakini ikilowa humtelezesha mtu, na jua la mchana huigeuza kikaango.

Vikanyagio huwa havihesabiwi kuwa sehemu ya kiti, na hilo ni kosa. Miguu iliyokanyaga vizuri hupokea sehemu ya uzani na humwezesha abiria kujiinua kidogo tuta linapofika. Kikanyagio kilichopinda, au kilichovuliwa mpira wake, humnyima msaada huo na kuurudishia uti wa mgongo mzigo wote. Mama anayeketi kwa upande ana kikanyagio kimoja tu, kiuno chake kimepindwa safari nzima, na kama pikipiki ikiyumba hana pa kujizuia. Sitaki kumlaumu, maana vazi lake na staha yake vina sababu zake. Ila kwa njia ya Kisumu au Mumias ni afadhali avae suruali au leso pana itakayomruhusu kutanua miguu na kuketi akielekea mbele, na dereva mwema humngojea ajitengeneze bila kupiga honi.

Baada ya hayo yote kiti hurudishwa mahali pake, na kazi nusu huwa imebaki chini yake. Springi za nyuma zina pete yenye ngazi, inayozungushwa ili kuzikaza au kuzilegeza, na pikipiki nyingi hubaki katika ngazi ya mzigo wa mahindi hata siku inapombeba mtoto wa shule. Tairi lililojazwa kupita kipimo cha kiwanda ili lisichakae haraka hurusha kama jiwe. Mambo haya mawili hayana gharama.

Fundi mwenye busara hapokei malipo kabla kiti hakijajaribiwa, na jaribio lake ni la haki: humwambia mwenye pikipiki, "Mzee, leo wewe kaa nyuma, mimi nitaendesha," akampeleka hadi Khayega na kumrudisha, kwa mwendo wa kawaida, bila kuyakwepa matuta. Aliyekuja akitaka kiti kirefu, mara nyingi hushuka akiuliza kama upande wa nyuma ungeweza kuongezwa tabaka gumu. Majuma mawili au matatu yakipita, sponji mpya hukaa na leza hulegea. Kiti hurudi kibandani, pini hung'olewa, leza huvutwa upya kutoka katikati kuelekea kingo, na nati hukazwa.