Jumuiya au Ghala? Walimu wa Sanaa wa Garissa na Kaskazini Mashariki Mtandaoni

Neno "jumuiya" hutumiwa kwa wepesi mno katika maandishi yahusuyo elimu ya walimu. Kila kikundi cha simu chenye walimu wa somo moja huitwa jumuiya ya kujifunza, kana kwamba kuorodheshwa pamoja kunatosha kuwafanya watu wafunzane. Makala haya yanakusudia kulipima dai hilo kwa kutazama hali ya mwalimu wa sanaa katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera.

Haja ya jumuiya huko ina sababu mbili. Kwanza, mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya mwaka 2019, sasa unaunganisha uchoraji, muziki na michezo katika somo moja. Mwalimu aliyefunzwa kuimbisha hujikuta akitakiwa kufundisha ufumaji pia. Pili, walimu wenyewe ni haba. Abiria 28, wengi wao walimu, waliuawa karibu na Mandera mnamo Novemba 2014. Na baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, mnamo Januari 2020, Tume ya Huduma kwa Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji. Aliyebaki shuleni aghalabu hana mwenzake wa somo lake wa kushauriana naye, isipokuwa yule aliyemo ndani ya simu.

Lakini ni kipi kipitacho simuni? Mara nyingi ni maazimio ya kazi, maandalio ya somo na mitihani iliyokwisha kutungwa. Vitu hivi vina manufaa, na anayevidharau hajapata kufundisha madarasa matatu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, mahali ambapo watu huchota pasipo kujibizana ni ghala. Andalio lililotungwa kwa ajili ya shule ya Nairobi laweza kufika Dadaab bila mtu kuuliza kama rangi za maji zinapatikana, wala kama mkeka ambao mama wa mwanafunzi huufuma ili kufunika aqal, nyumba ya wafugaji wahamaji, nao ni sanaa istahiliyo kufundishwa.

Ajabu ni kwamba Wasomali, ambao ndio wenyeji walio wengi wa eneo hili, waliijua jumuiya ya wasanii walio mbalimbali kabla ya kuwapo intaneti. Mwaka 1979 mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaarriye, alitunga shairi la kuukemea ukabila. Washairi wengine, Hadraawi akiwa mmoja wao, walimjibu. Mfululizo huo uliitwa Deelley, kwa kuwa tungo zake zilishika sauti ya D, nao ulienea kwa kanda za kaseti. Aliyetaka kuingia katika mjadala ule hakuwa na budi kutunga, tena kwa sauti ile ile, na utungo wake ulipimwa kwa zile zilizoutangulia. Pwani nako, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu katika karne ya 19.

Mfano huu wafaa kuigwa. Mwalimu wa Garissa aweza kunasa sauti ya buraanbur, utungo wa wanawake wa Kisomali, kwa idhini ya mtungaji, akampelekea mwenzake wa Lamu. Naye akamrudishia shairi la Kiswahili. Hapo wanafunzi wa pande zote mbili watalinganisha vina vya Kiswahili, vikaavyo mwishoni mwa vipande, na sauti ya Kisomali irudiwayo mwanzoni mwa maneno. Somo kama hilo halipatikani ghalani, kwa sababu huzaliwa katika majibizano yenyewe.

Itapingwa kwamba mwalimu si malenga, na kwamba hana wasaa. Pingamizi hili lina uzito, lakini halibatilishi hoja. Kujibu si lazima kuwe kutunga. Yatosha mwalimu aliyechukua andalio la mwenzake aeleze lilivyopokewa darasani, liliposhindwa, na alichobadili. Bila maelezo hayo mtungaji wa kwanza hajifunzi lolote, na kosa lake huenda likarudiwa katika kila shule.

Kaseti ilikuwa chombo dhaifu kuliko simu ya leo, lakini ilibeba majibu. Kikundi kisichobeba majibu, hata kikiwa na walimu wengi namna gani, hakijastahili kuitwa jumuiya.